Ardhi Inayolishwa

Wasafiri wanaoteremka kutoka Mbeya kwenda Kyela wakifika Tukuyu husema jambo lilelile: udongo wa huku umebarikiwa, ukichomeka hata fimbo itaota. Kauli hiyo ni kweli nusu. Mlima Rungwe ni volkano. Yapata miaka 4,000 iliyopita ulilipuka ukamwaga majivu na mawe mepesi juu ya nchi yote inayouzunguka, na jirani yake, mlima Kyejo, ulitoa lava kwa mara ya mwisho karibu na mwaka 1800. Majivu yakikaa muda mrefu hugeuka udongo mweusi, mwepesi mkononi, unaokunywa maji mengi kabla hayajaanza kutiririka. Hiyo ndiyo baraka yenyewe.

Nusu ya pili husemwa mara chache. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Mvua nyingi kiasi hicho huyeyusha rutuba na kuishusha chini mizizi isikofika, na udongo unabaki na tindikali. Tena udongo wa majivu ya volkano una tabia ya kuikamata fosforasi na kuing'ang'ania, mmea ukaikosa ilhali imo mlemle. Ardhi ya aina hii ukiilima mfululizo, ikiwa wazi, bila kuirudishia kitu, huchoka upesi kuliko wenye kuisifia wanavyodhani. Kwa hiyo ukikuta Rungwe shamba la migomba lililozaa tangu enzi za mababu na bado mikungu yake inainamisha shina, ujue kuna mtu anayelilisha. Volkano ilileta udongo, lakini unaoonekana leo umetengenezwa na mikono.

Lufingo ni kata mojawapo ya Wilaya ya Rungwe, nchi ya miinuko na mabonde, na kila bonde lina kijito chake. Mpangilio wa mashamba unaweza kuusoma kwa macho ukisimama mahali palipoinuka kidogo. Nyumba iko kwenye mgongo wa kilima. Migomba imeizunguka kwa karibu kiasi kwamba ukiwa mbali huoni nyumba, unaona bati likimeta katikati ya kijani. Chini ya migomba kuna kahawa, maharage, magimbi na maboga. Juu yake imechomoza miti mirefu michache, hasa migrivelia na miparachichi ya zamani iliyopandwa bila mstari. Nje ya duara hilo ndipo yalipo mahindi, chai, viazi, na pembeni kabisa, kwenye kingo za matuta, mabingobingo ya kukatia ng'ombe.

Nilikwenda kuangalia kazi ya mama mmoja mwenye umri mkubwa, anayesifika kwa majirani kwa sababu migomba yake haipungui mikungu hata miaka ambayo wengine wanalia. Nilimwamkia kwa Kinyakyusa, "Mugonile, mama," akaitikia "Ndaga" na kuendelea kutembea, panga likining'inia mkononi. Hakukata chochote kwa muda mrefu. Alizunguka shina moja baada ya jingine, akainama, akatazama juu, akasukuma jani kwa mgongo wa panga, akapita. Mtu asiyejua angesema anatembea tu. Lakini nusu ya ufundi huu iko hapo, katika kutazama kabla ya kukata, kwa sababu uamuzi wa leo juu ya chipukizi moja ni uamuzi juu ya mkungu wa mwaka kesho na wa mwaka utakaofuata.

Kanuni inayofundishwa na mabwana shamba ni kwamba kila shina libakiwe na vizazi vitatu: mama anayezaa, mtoto anayefuata, na mjukuu anayechungulia ardhini. Ni kanuni nzuri na rahisi kuitamka. Ugumu uko katika kumchagua mtoto. Mgomba mmoja unaweza kutoa machipukizi mengi kwa wakati mmoja, na yanayovutia macho mara nyingi ndiyo mabaya. Mama yule alinionyesha mawili yaliyosimama jirani. Moja lilikuwa na majani mapana, limenawiri. La pili lilikuwa na majani membamba yaliyochongoka, nene chini na jembamba juu.

"Huyu mwembamba ndiye ataniletea mkungu," alisema. "Yule mwenye majani mapana anapendeza, lakini hana kitu chini."

Ndivyo ilivyo. Chipukizi la majani membamba limeshikana imara na mama yake na linanyonya kwake hadi lijijenge. La majani mapana limeshikilia juujuu, limelazimika kujitafutia mwanga mapema. Alilikata lile pana, akachimbua kitovu chake kwa ncha ya panga lisichipue tena. Kisha akatazama upande ambao mtoto aliyebaki ameelekea. Migomba hutembea: kila kizazi huota hatua moja pembeni mwa kilichotangulia, na mkulima asipoiongoza, baada ya miaka kumi mistari imevurugika, mashina yamebanana huku na kuacha uwazi kule. Mwenye shamba hili huchagua watoto wa upande uleule katika shamba zima, ili mistari yote isogee pamoja na nafasi ibaki ileile. Mstari ulionyooka kiasi hicho katika shamba la umri ule ni kazi ya miongo kadhaa ya kukataa machipukizi mazuri yaliyoota upande usiofaa.

Majani makavu huyakata yakiwa yameinama, akayalaza kwa kukingama na mteremko, kamwe si kwa kuufuata. Gogo la mgomba uliokwisha kuvunwa hulipasua katikati kwa urefu na kulikata vipande, upande wa ndani ukatazama juu likauke. Gogo zima lililolala kwenye unyevu ni nyumba ya fukusi, mdudu anayetaga mayai kwenye shina, na mabuu yake hutoboa kitovu cha mgomba hadi upepo mdogo uuangushe. Kwa sababu hiyohiyo matandazo hayagusi shina. Nilipojaribu kumsaidia kusogeza majani, aliyarudisha nyuma kwa mguu: "Usiyaweke hapo, mwanangu. Fukusi wanapapenda." Akaacha duara tupu la kama hatua moja kuzunguka kila shina. Maduara hayo, yakirudiwa shamba zima, ndiyo yanayokuambia kama mwenye shamba anajua anachofanya au ameiga.

Ingiza mkono chini ya matandazo yale. Juu kuna majani makavu yanayolia. Chini yake kuna majani ya msimu uliopita, yamelainika na kuwa meusi, yameshikanishwa na nyuzi nyeupe za kuvu. Chini zaidi huwezi tena kusema wapi jani limekwisha na wapi udongo umeanza. Nyungunyungu wamo, wanene, na matundu yao yanashuka wima. Hapo ndipo ile fosforasi iliyokamatwa inapofunguliwa kidogokidogo, maana mabaki yanayooza hushindana na madini ya udongo na kuyazuia yasiishike yote. Hapo ndipo maji yanapoingilia.

Maji ndiyo niliyoyastaajabia zaidi. Mvua ilitukuta bado shambani, mvua ya Tukuyu isiyo na haraka ya kuisha, tukajibanza kwenye banda la ng'ombe na kutazama. Matone hayakufika chini kwa nguvu. Yalipiga kwanza jani la parachichi, yakaanguka juu ya jani la mgomba, na jani la mgomba, ambalo limeumbwa na mfereji katikati, likayapeleka hadi kwenye shina, yakateremka taratibu na kuishia kwenye duara lile tupu. Mengine yalitona kutoka kwenye ncha za majani juu ya matandazo na kupotelea humo. Kwa muda mrefu sikuona maji yakitembea juu ya ardhi. Yalipoanza kutembea, yalikuta majani yaliyolazwa kwa kukingama, yakasimama, yakazama. Yakavuka, yakakuta tuta lenye mabingobingo.

Hata njia ya miguu ya shamba lile imefikiriwa. Haiteremki moja kwa moja kutoka nyumbani hadi kijitoni. Inakata mteremko kwa mshazari, na kila inapogeuka kuna kijishimo kilichochimbwa pembeni kinachopokea maji ya njia na kuyaingiza kwenye migomba. Watu wengi hulinda shamba na kuisahau njia, na korongo huanzia njiani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika miteremko hii ukuta wenyewe utakuwa wa kuzuia korongo lililokwisha kula nusu ya shamba.

Ng'ambo ya kijito kulikuwa na shamba la viazi mviringo. Matuta yake yalishuka na mteremko, kama wengi wanavyofanya kwa sababu ni rahisi kulima na maji hayatuami na kuozesha viazi. Mvua ileile, kwa dakika zilezile, ilitoka huko ikiwa na rangi ya kahawia. Kijito kilipokea maji ya pande mbili: ya upande huu machache na meupe, ya upande ule mengi na mazito. Kwa kitambo yalikwenda sambamba bila kuchanganyika.

Nyuma ya banda liko lundo la samadi, na hapo pia pana ufundi wake. Ng'ombe wa maziwa analishiwa ndani: mabingobingo yanakatwa kingoni mwa matuta, maganda ya ndizi yanatoka jikoni, na kiangazi hukatiwa hata shina la mgomba, ambalo lina maji mengi. Anayoyaacha horini hugeuka malalo yake, yakaloweshwa na mkojo, yakakusanywa pamoja na kinyesi. Samadi mbichi haipelekwi shambani. Inarundikwa chini ya kivuli cha majani ya mgomba ili jua lisiikaushe na mvua isiisafishe, na katikati ya lundo kumechomekwa kijiti kirefu. Mama yule alikichomoa akanipa nikishike. Kilikuwa cha moto. Kikitoka cha moto, kazi inaendelea ndani. Kikitoka kikavu, lundo linataka maji. Kikitoka cha baridi, ni wakati wa kugeuza, au kama limekwisha kugeuzwa na linanukia udongo, limeiva. Kipimajoto hicho cha kijiti kinafundishwa na maofisa ugani nchi nzima, lakini ni wachache wanaokichomoa kila baada ya siku chache mwaka baada ya mwaka.

Huo mzunguko wa ng'ombe na mgomba ni wa kale kwa Wanyakyusa. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliandika kwa mshangao juu ya usafi wa vijiji vilivyokuwa ndani ya migomba. Godfrey na Monica Wilson, walioishi na kufanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta jamii ambayo wanaume ndio washika jembe, vijana wa rika moja wanajenga kijiji chao wenyewe, na ardhi inakabidhiwa kizazi kipya katika sherehe kubwa ya ubusoka. Zamani hizo ng'ombe walilala ndani ya nyumba, upande mmoja, watu upande wa pili, na migomba ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Mbolea haikuhitaji kusafirishwa mbali. Ndiyo maana hata leo mgomba bora wa Rungwe uko karibu na nyumba. Kulikuwa pia na vichaka vya makaburi ya machifu na mahali pa ibada, kama pale Lubaga kwa Lwembe, chifu wa ibada, ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitia panga. Miti ilibaki humo kwa heshima ya wafu, na ndege na nyuki wakafaidi.

Wanasayansi wa mazingira huyaita haya yote huduma za mfumo ikolojia: chakula, maji safi, kuzuia mafuriko, uchavushaji, kuhifadhi kaboni ardhini, hata utulivu wa roho. Istilahi hiyo ilienea duniani baada ya tathmini kubwa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2005. Sina ugomvi nayo. Ila neno huduma linaweza kumfanya msomaji adhani kwamba asili inatoa na sisi tunapokea tu. Lufingo ukitazama kwa makini unaona kwamba maji meupe kijitoni ni matokeo ya mtu kulaza majani kwa kukingama, kuipinda njia, kuacha nyasi kingoni. Mlima unatoa, na mkulima anatoa.

Na wanaopokea hawako Lufingo peke yao. Mito ya Rungwe, Kiwira, Mbaka na mingineyo, hushuka hadi tambarare ya Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Kyela ndiko unakotoka mchele ambao watu wa Dar es Salaam huutafuta kwa jina, na kakao pia. Tambarare ile imejengwa kwa tope lililoshuka kutoka milimani kwa maelfu ya miaka, lakini kila masika, hasa Aprili na Mei, watu wake hungoja kuona kama mito itabaki kingoni. Mteremko ulioachwa wazi huku juu hupeleka maji kule chini kwa siku moja badala ya wiki. Mwenye mpunga Kyela na mwenye migomba Lufingo wana shamba moja, ingawa hawajawahi kukutana.

Juu ya mashamba ndipo penye msitu wa Rungwe, uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Mwaka 2003 watafiti walikuta humo kipunji, kima wa miti ya juu aliyekuwa akijulikana kwa wawindaji wa huko lakini si kwa sayansi. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, na sensa iliyotolewa 2008 ilimkadiria kuwa na idadi ya takriban 1,100 tu, wote Tanzania. Watu hufikiria msitu na shamba kama mahasimu. Shamba la migomba lenye miti ni mlinzi wa msitu, kwa sababu kaya inayopata kuni kwenye migrivelia yake, majani ya ng'ombe kingoni mwa matuta yake na chakula mwaka mzima katika eneo dogo haina sababu ya kupanda mlimani na panga.

Msitu nao hulipa. Parachichi la Hass, linalonunuliwa kwa bei nzuri na kusafirishwa hadi Ulaya, lina ua lenye tabia ya ajabu: hufunguka asubuhi likiwa jike, likafumba, kisha likafunguka tena mchana wa siku ya pili likiwa dume. Bila nyuki na wadudu wengine wa kubeba chavua, miti ya Hass huchanua sana na kuzaa kidogo. Nyuki hao wanaishi msituni, kwenye vichaka vya mabonde na kwenye miti mikubwa ya mashambani.

Nalitaja parachichi kwa sababu ndilo linalobadili sura ya Rungwe sasa. Nimeona mashamba ambamo migomba na mibuni imeng'olewa yote, miche ya Hass imepangwa kwa mstari, na ardhi kati yake imepaliliwa hadi kuwa nyekundu na tupu. Silaumu anayetafuta ada ya shule. Lakini mteremko uliovuliwa nguo katika nchi ya milimita 2,000 za mvua hauna subira ya kungoja mti wa miaka mitatu ukue. Mama yule naye amepanda Hass, ila ameipanda ndani ya migomba, kwa nafasi pana, na anaipunguza migomba taratibu kadiri miparachichi inavyotanua. Anavuna ndizi huku akisubiri parachichi, na udongo haujawahi kuona jua. Hilo ndilo jibu, na limekwisha kupatikana bila kongamano.

Kitu ninachokipinga waziwazi ni mikaratusi kwenye vyanzo vya maji. Inakua haraka na nguzo zake zinauzika, lakini kandokando ya chemchemi inanyonya maji ambayo kijiji kizima kinayategemea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Mita hizo 60 zikirudishiwa miti ya asili, mikuyu na mianzi, kijito kitatambua ndani ya miaka michache.

Tanzania ina ndugu wa ufundi huu. Wachaga wana kihamba, na kijiji cha Shimbwe Juu kimetambuliwa na FAO kama urithi wa kilimo wa dunia. Wahaya wana kibanja. Wamatengo wa Mbinga huchimba ngoro, vishimo vilivyopangwa mteremko mzima vinavyokamata maji na kuozesha nyasi ndani yake. Hao wameandikiwa sana na wamepigiwa picha. Migomba ya Rungwe haijapata sifa ya namna hiyo, na nadhani ni kwa sababu inaonekana rahisi mno. Mgeni akiona kijani kile huwashukuru mlima na mawingu, kisha akapanda gari.

Lakini kazi hiyo inaweza kutambuliwa kwa malipo. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa ina ofisi zake Tukuyu hapohapo, na hukusanya ada kwa watumiaji wa maji. Katika milima ya Uluguru, mashirika ya CARE na WWF yaliwahi kuendesha mpango ambamo shirika la maji la DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza zilichangia fedha za kuwalipa wakulima waliotunza miteremko ya Kibungo Juu, kwenye chanzo cha mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Wakulima walilipwa kwa matuta, miti na nyasi walizozipanda. Kwa hiyo njia inajulikana nchini mwetu. Naiomba Bodi, pamoja na halmashauri za Rungwe na Kyela, watenge sehemu ya ada hizo kwa wenye mashamba ambayo maji yake hutoka meupe baada ya mvua. Waanzie Lufingo. Kazi ya kuwatambua si ngumu: wakati wa masika, simama kwenye kijito na utazame rangi ya maji yanayoingia kutoka kila upande.